Habari ya Bega

Mtambo uitwao Mkunjuzi ulimshika Mzee Galusi Kihwele mkono wa kulia kwa vidole vyake kumi na viwili vya mpira, vyenye joto la mwili wa binadamu, ukaanza kuunyanyua taratibu. Vidole vinne vilikaa kwenye kiwiko, vinne kwenye kwapa, na vinne vilivyobaki vililipapasa bega lenyewe vikitafuta mahali palipokaza. Mota hazikusikika. Ukifumba macho ungeapa kuna mtu amekaa nyuma yako, mtu mvumilivu kuliko jamaa zako wote, na asiyedai hata soda.

"Habari ya bega, Mzee Galusi?" mtambo uliuliza kwa sauti ya kike iliyotulia.

"Nzuri," mzee alijibu.

Mkono ukapanda digrii mbili.

Nyuma ya kioo, wageni saba kutoka wizarani walipiga makofi ya heshima, yale ya vidole viwili juu ya kiganja. Mbele yao alisimama Mhandisi Yusta Kihwele, mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyeubuni mtambo ule, ambaye pia alikuwa binti wa mgonjwa aliyemo ndani. Alikuwa amemchagua baba yake makusudi kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna mgonjwa mwingine aliyekuwa na rekodi safi kama yake. Wageni wakiridhika, kabla ya mwaka kwisha kila hospitali ya mkoa ingepata Mkunjuzi wake.

Iringa ya miaka hiyo ilikuwa imejifunza mambo mengi. Magari-kamba yalipanda kutoka bonde la Ruaha Mdogo hadi Gangilonga bila dereva, na mapaa ya nyumba yalikunywa jua mchana kutwa yakawasha taa za mji mzima. Lakini ngazi zikilowa watu walikuwa bado wanateleza, na hakuna mhandisi aliyelipatia hilo dawa. Mzee Galusi, seremala wa miaka sitini na minane, aliteleza kwenye ngazi za kituo cha magari-kamba siku ya mvua, akaangukia bega. Ukano unaoshikiza msuli kwenye mfupa ukakatika. Madaktari waliushona, wakamleta kwenye chumba hiki cha tiba ya viungo, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kushika tena randa yake na kulainisha mbao kwa mkono ule ule uliomsomesha Yusta.

"Ndani ya ukano tumeshona uzi-mjumbe," Yusta aliwaeleza wageni. "Ni mwembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kuuambia mtambo ukano umevutika kiasi gani. Lakini uzi haujui maana ya mvuto huo kwa mtu huyu. Ukano wa mkimbiaji na ukano wa karani haziwezi kuvumilia sawa. Kwa hiyo kila nusu dakika mtambo unamuuliza mwenyewe. Akisema nzuri, mpaka unasogea mbele kidogo. Akisema inauma, mtambo unashusha mkono pole pole na mpaka unarudi nyuma. Daktari hana sauti hapo, wala mimi sina. Mwenye bega ndiye mwenye neno la mwisho."

Aliipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Ilikuwa imechapishwa hadi kwenye vikombe walivyokuwa wakinywea chai.

Kiongozi wa msafara, Bi Salhina Mwinshehe, alikuwa mama mfupi mwenye miwani mizito na tabia ya kusoma ripoti hadi ukurasa wa mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawana. "Nimeona kwamba wagonjwa wa hapa Iringa wanapona wiki nne mapema kuliko wa miji ya nje ya nchi mliyojaribu," alisema. "Siri ni nini?"

"Watu wetu ni wakakamavu, mheshimiwa," Yusta alijibu, na wote wakacheka.

"Habari ya bega, Mzee Galusi?"

"Nzuri."

Digrii mbili nyingine. Hapo ndipo mtu alipomgusa Yusta kiwiko. Alikuwa Festo Chengula, mtaalamu wa viungo wa hospitali ile, mwanamume aliyekanda na kunyoosha mabega ya watu kwa mikono yake miaka thelathini na moja kabla Mkunjuzi haujaletwa, na ambaye sasa kazi yake ilikuwa kutazama vioo vya takwimu.

"Mhandisi," alinong'ona, "tazama miguu ya mzee."

Yusta akatazama. Baba yake alikuwa amevua viatu kwa heshima ya chumba kisafi, na vidole vya miguu yake vilikuwa vimekunjwa vikang'ang'ania sakafu. Usoni alikuwa anatabasamu.

"Ameulizwa, amesema nzuri," Yusta alinong'ona naye.

"Ulitegemea aseme nini? Kaulizwa habari!" Chengula alisogea karibu zaidi. "Wewe si mtoto wa hapa hapa? Mtu akikuuliza habari unamjibu nzuri. Hata ukiwa msibani unasema nzuri, halafu ndiyo unasema, ila tumefiwa. Mimi nilikuwa nikimshika mtu bega namuuliza, habari ya hapa? Anasema nzuri. Basi nanyamaza. Sisemi neno. Baada ya muda inakuja yenyewe: ila huku nyuma panachoma. Dada, mtambo wako haunyamazi."

Yusta aligeuka kuutazama mtambo. Mtambo ulikuwa ukinyamaza, zamani. Katika mfano wa kwanza ulisubiri sekunde tisa baada ya kila jibu. Kisha foleni ya wagonjwa ilirefuka, wakubwa wakalalamika, naye alasiri moja akiwa anatafuna karanga mbele ya meza yake alibadilisha tarakimu moja. Tangu hapo Mkunjuzi ulisubiri sekunde moja na nusu, na mgonjwa asipojibu ndani ya muda huo, ulichukua jibu lake la mwisho kuwa ndilo hilo hilo. Hakulifikiria tena jambo lile hadi dakika ile.

Alikimbilia kioo cha takwimu. Kulikuwa na siku tisini na moja za mazoezi, na maswali yapata elfu tano. Mahali pa kuandika "inauma" palikuwa na sifuri. Kwa macho ya mtambo kila kitu kilikuwa kijani, kwa sababu mpaka wa Mzee Galusi ulikuwa umesukumwa mbele mara elfu tano kwa adabu yake. Yusta aliuondoa mpaka huo akabakiza taarifa tupu za uzi-mjumbe, na picha ya ukano ikageuka nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono ulikuwa kwenye digrii mia na kumi na nane. Alipiga hesabu haraka, akairudia kwa sababu hakuipenda. Kwenye mia na thelathini mshono ungeanza kuachia.

Zilibaki "nzuri" sita. Dakika tatu.

"Zima," Chengula alisema.

"Siwezi. Fremu inayobeba vidole ina kilo arobaini. Nikikata umeme vidole vinalegea na fremu yote inamlalia begani. Itaukata huo ukano wote kwa mara moja."

"Shusha basi."

"Kinachoshusha ni neno lake tu." Mara tatu wenzake walikuwa wamemshauri Yusta aweke kitufe cha pili cha kushusha, kiwe mikononi mwa mtaalamu wa viungo, na mara tatu alikataa kwa hasira. Alisema kitufe hicho kingempokonya mgonjwa sauti yake. Alikuwa amelitolea hotuba jambo hilo hadi nje ya nchi.

Chengula hakusubiri hotuba. "Nafuata vijana wawili wa stoo, tuishikilie fremu kwa mikono. Dakika tano." Akatoka mbio. Dakika tano zilikuwa nyingi, na wote wawili walijua.

Yusta alichukua kipaza sauti. "Baba, bega linauma?"

Ndani ya chumba mzee aliinua macho kuelekea kioo, akawaona wale wageni saba, akanyoosha mgongo. "Aa, nzuri tu mwanangu. Shughulikieni wageni."

Sikio la mtambo halikuchagua nani ameuliza wala kuhusu nini; kila jibu jema lilihesabiwa kuwa nzuri. Mkono ukapanda. Mia na ishirini.

"Baba, nakuomba useme linauma. Uzi unaonyesha ukano unavutika mno. Sema tu hivyo, mtambo ushuke."

Mzee akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayebana meno. "Msimsikilize, waheshimiwa. Huyu ana huruma kama marehemu mama yake. Bega zima kabisa!"

Mia na ishirini na mbili.

Yusta alikiweka kipaza sauti chini. Alimjua baba yake. Ukimsukuma anakaza, na ukimsukuma mbele ya wageni, tena wageni waliokuja kumtazama binti yake, anakaza mpaka avunjike. Alikuwa amekaa pale siku nzima kama zawadi anayompa. Asingekubali kuiharibu kwa kulia lia.

"Kuna tatizo, Mhandisi?" Bi Salhina aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema hakuna. Neno lenyewe lilikwishafika ulimini, kwa mazoea.

"Lipo," Yusta alisema. "Kubwa. Naomba mnisubiri."

Akaingia ndani, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulivuta pazia likafunika kioo chote. Nyuma yake alisikia minong'ono ya wizara nzima. Mbele yake mtambo uliuliza, "Habari ya bega, Mzee Galusi?"

"Nzuri," mzee alisema, na ndevu zake zilikuwa zimelowa jasho. Mia na ishirini na nne. "Yusta, mbona unawafungia wageni? Ni aibu hiyo."

Yusta alivuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake, chini kidogo, kama alivyofundishwa kukaa mbele ya mtu mzima. Kila kitu mwilini kilimwambia apige kelele, amtikise, amwamrishe. Badala yake aliunganisha viganja, akatoa salamu ya kwao.

"Kamwene, baba."

Mzee alishtuka. Ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba tangu asubuhi hawakuwa wamesalimiana. Yusta alikuwa amepita na wageni, akampungia mkono kwa mbali.

"Kamwene, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ya mzee ilishuka, ikawa sauti ya nyumbani.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Mia na ishirini na sita. Yusta aliiona misuli ya shingo ya baba yake ikisimama, akajilazimisha asitazame huko. Salamu haina njia ya mkato. Ukiruka kipande, anayesalimiwa anajua umekuja kwa shida yako, naye anaficha ya kwake.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Mia na ishirini na nane.

"Na kazi? Vijana wa karakana wanakuja?"

"Wanakuja. Yule mmoja kajifunza hata kuunga kona." Mzee alipumua kwa taabu. "Wanakuja, ndiyo."

Hapo maswali yakawa yamekwisha. Yusta alinyamaza. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kufunga mdomo. Alihesabu moyoni. Moja. Mbili. Baba yake alitazama pazia, akatazama mikono ya binti yake. Tatu. Nne.

"Habari ya bega, Mzee Galusi?" mtambo uliuliza.

Mzee alifumbua mdomo, kisha akaufumba bila kusema kitu. Yusta alijua kimya hicho kinagharimu nini. Alijua hadi tarakimu yake, kwa kuwa aliiandika yeye. Sekunde moja na nusu ikapita, na Mkunjuzi, ukiwa umechukua jibu la mwisho, uliunyanyua mkono kwa upole wake wote hadi mia na thelathini. Kitu kililia ndani ya bega, kidogo tu, mlio wa kitambaa kinachochanika. Yusta hakusema neno. Tano. Sita. Machozi yalimtoka, akayaacha. Saba.

"Ila," mzee alisema.

"Ila nini, baba?"

"Ila huku nyuma, mwanangu. Kuna kitu kinachanika. Si leo tu. Tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi kinanichanika." Akafumba macho. "Linauma. Linauma sana."

"Pole, Mzee Galusi," mtambo ulisema papo hapo. "Nashusha."

Ulishusha kwa dakika mbili nzima, bila kukosea hata digrii moja. Chengula aliingia na vijana wake wawili akiwa anahema, akakuta mkono umeshafika kwenye mto, akapiga magoti, akaliweka bega katikati ya viganja vyake vikubwa. Alilipapasa muda mrefu. Kisha akapitisha kipimo juu ya uzi-mjumbe na kusoma.

"Theluthi moja imeachia," alisema polepole. "Mzee, nitakuambia kweli. Utashonwa tena. Utashika kijiko, utashika kalamu. Randa ni kazi ya bega, na bega hili halitaisukuma tena."

Mzee Galusi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya mbao imepanda. "Haya," alisema. "Vijana wapo."

Yusta alitoka kwa wageni. Hakujifuta uso. Aliwaambia kilichotokea kwa maneno machache, akawasha kioo kikubwa, akaiita orodha ya wagonjwa wote wa Iringa waliopita kwenye Mkunjuzi. Walikuwa mia tatu na arobaini. Bi Salhina alivua miwani, akaivaa tena.

"Wangapi kati yao waliwahi kusema inauma?" aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Na hao ndio mliowaandika kuwa wanachelewa kupona."

"Ndiyo, mheshimiwa. Hao ndio wazima." Yusta alishika ukingo wa meza. "Wengine wote inabidi waitwe. Kuanzia leo. Na waulizwe na mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Salhina alifunga faili, akasema mitambo yote isimamishwe hadi itakapoamuliwa vinginevyo, kisha akawaongoza wenzake hadi kwenye lifti bila kumuaga Yusta. Vikombe vilibaki mezani na ile sentensi ya mwenye bega ubavuni.

Yusta aliporudi ndani, Chengula alikuwa amemfunga mzee mkono kifuani kwa kitambaa na kumwachia mto mgongoni. Yusta alikaa tena kwenye kile kigoda. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi, basi ikamwendea aliye karibu.

"Miezi mitatu, baba! Kwa nini hukuniambia mimi? Achana na mtambo. Mimi."

"Hukuniuliza."

"Nilikupigia simu kila siku! Kila siku nimekuuliza habari!"

"Na mimi nikakujibu nzuri." Mzee hakuwa na ukali wowote. "Halafu unasema, haya baba, baadaye. Simu inakatika. Ile 'ila' yangu inabaki mdomoni, nakwenda kuimeza na ugali. Nikasema, mtoto ana kazi nyingi. Na ni kweli una kazi nyingi."

Yusta alitafuta kumbukumbu ya simu hata moja ambamo alisubiri, akaikosa. Angalau mtambo alikuwa ameuachia sekunde moja na nusu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata huko. Aliona aibu, aibu ya mtoto aliyekutwa, na akainamisha kichwa.

Chengula aliwatazama wote wawili, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine, akaondoka na kufunga mlango.

Mzee Galusi alijisogeza kwenye mto hadi bega lilipokaa vizuri. Kwa mkono wake wa kushoto, ambao hakuuzoea, alimgusa binti yake kidevu akakiinua.

"Haya. Salamu ilikuwa upande mmoja," alisema. "Na wewe, mwanangu? Habari yako?"

"Nzuri," Yusta alijibu.

Baba yake hakusema kitu. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja gundi ikauke, na macho yake hayakumtoka usoni.

"Ila mkono wako, baba," Yusta alisema, akaegemeza paji la uso kwenye goti la mzee. "Nimekuharibia mkono wako."